Banda la kuku liwe na kimo cha mtu

Katika baridi ya Mafinga, kuku wanahitaji hewa na ukavu kuliko wanavyohitaji kuzibiwa. Mbao tunazo, mafundi tunao. Kinachotakiwa ni kubadili namna tunavyojenga.

Mafinga ni mji wa mbao. Uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kilomita 80 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na umepakana na misindano ya Shamba la Miti Sao Hill, shamba la miti ya kupandwa lililo kubwa kuliko yote nchini. Upandaji wa majaribio ulianza mwishoni mwa miaka ya 1930, na leo eneo la Sao Hill linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) linapita hekta 130,000. Mashine za kuchana mbao, kuanzia za viwanda vikubwa hadi zile ndogo za kuhamishika tunazoziita ding-dong, zinanguruma mwaka mzima. Anayetaka ubao, banzi, nguzo au gunia la maranda hana haja ya kusafiri.

Kwa hesabu hiyo, kuku wa Mafinga wangepaswa kulala pazuri kuliko kuku wa mji mwingine wowote. Sasa tazama nyuma ya nyumba zetu. Banda lililozoeleka ni kijumba cha mabanzi kinachomfika mtu kiunoni, kimezibwa pande zote kwa viroba na maboksi, na mlango wake unapitisha mkono na kichwa tu. Humo wanalala kuku ishirini au thelathini, wamebanana. Asubuhi mlango ukifunguliwa, mvuke na harufu inayochoma macho hutangulia kutoka. Ikifika Juni na Julai, miezi ya baridi kali na ukungu, kuku wanaanza kukoroma na kutoa kamasi, mayai yanapungua, na wengine wanakutwa wamekufa chini ya kichanja. Mwenye nyumba anasema baridi imemmalizia kuku, kisha anaongeza kiroba kingine ukutani.

Kiroba hicho kinazidisha tatizo lenyewe. Naandika makala haya kwa sababu naamini vifo vingi vya kuku wa uani katika ukanda wetu wa baridi vinaanzia kwenye ujenzi kabla havijafika kwenye ugonjwa. Na dawa ya kwanza iko mikononi mwa seremala: banda ambalo mwenye kuku anaingia akiwa amesimama wima, akavuta hewa ileile wanayovuta kuku wake, na akaona kwa macho yake wanavyoishi.

Kinachowaua si baridi peke yake

Kuku mkubwa mwenye afya ameumbwa kustahimili baridi. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi za Selsiasi, juu kuliko letu, na manyoya yake akiyatutumua yanashika hewa inayomkinga. Usiku wa Mafinga unaposhuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, kuku mkubwa aliyekauka na asiyepigwa na upepo moja kwa moja anauvuka salama. Anayeshindwa ni yule aliyelowa, aliyelala juu ya maranda mabichi, au aliyevuta hewa chafu usiku kucha.

Tufanye hesabu ya maji. Kuku mkubwa hunywa karibu robo lita kwa siku, kwa hiyo kuku 50 hunywa lita 10 au zaidi. Kiasi kidogo kinaishia kwenye mayai. Kiasi kikubwa kinatoka kwa pumzi na kwa kinyesi, maana kuku hana mkojo wa peke yake kama ng'ombe au mbuzi; vyote hutoka pamoja, ndiyo sababu kinyesi chake kina maji mengi. Maana yake ni kwamba kila siku karibu ndoo nzima ya maji inaingia kwenye hewa na sakafu ya banda pasipo mtu yeyote kuimwaga. Banda likizibwa, mvuke huo unapanda, unagusa bati lililopoa, unageuka matone na kuwadondokea kuku waleule walioutoa. Wanalowa siku ambayo hata mvua haikunyesha.

Maranda yakishalowa, bakteria huvunjavunja kinyesi na kutoa amonia, ile hewa kali inayowasha pua. Amonia inaharibu utando laini wa njia ya hewa ya kuku, ambao kazi yake ni kunasa na kuondoa vumbi na vijidudu. Utando huo ukiharibika, mafua ya kuku na magonjwa mengine ya njia ya hewa yanapita bila kizuizi. Ndiyo maana tunaona mafua mengi majira ya baridi na kuilaumu baridi, wakati baridi ilichofanya ni kutushawishi tuzibe matundu.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Ingia bandani alfajiri kabla hujafungua chochote, chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi mara kadhaa. Macho yakiwasha, ujue kuku wako wamekesha na hali hiyo tangu walipopanda kulala jioni. Na kama banda halikuruhusu kuingia, basi hujawahi kulipima.

Wafugaji wa nchi za theluji walipambana na jambo hilohilo zamani. Mwaka 1924, nchini Marekani, Prince T. Woods alichapisha kitabu kiitwacho *Modern Fresh-Air Poultry Houses*, akitetea mabanda yenye upande wa mbele ulio wazi, umewekwa wavu tu, hata majira ya baridi. Kanuni yake ni rahisi kueleweka: pande tatu ukiziziba barabara na kuwalaza kuku nyuma kabisa, mbali na upande ulio wazi, hewa itabadilika bila upepo kupita juu ya migongo yao. Kama kuku waliweza kulala hivyo kaskazini mwa Marekani, ambako maji huganda kwenye ndoo, wa Mafinga hawana sababu ya kufungiwa kwenye kisanduku.

Banda fupi humtuma mtoto

Banda fupi lina kasoro nyingine ambayo hukuti ikizungumzwa. Linachagua nani alihudumie. Katika nyumba nyingi kuku ni wa mama. Yeye ndiye anayejua yupi anatamia na yupi ameacha kutaga, na fedha za mayai anajua ziende wapi. Lakini mama mwenye umri wa miaka hamsini, aliyetoka shambani na mgongo unamsumbua, hawezi kutambaa ndani ya kijumba cha mabanzi. Anamtuma mtoto. Mtoto anajipenyeza, anaokota mayai, anatoka mbio kwenda kucheza.

Mtoto huyo hana kosa, lakini hajui kwamba kuku anayejitenga pembeni akilegeza mbawa ameshaanza kuumwa. Hatofautishi kinyesi cha kawaida na cha kijani au chenye damu. Hainui kichanja kuangalia utitiri unaojificha upande wa chini na kutoka usiku kunyonya damu. Habari inapomfikia mkubwa, kuku watatu wamekwisha kufa na kumi wanakoroma.

Banda la kuingia wima linarudisha jicho la mwenye mali bandani. Akiingia mara mbili kwa siku, asubuhi kuongeza maji na jioni kuhesabu, anaona mabadiliko yakiwa madogo. Anafagia kwa fagio la kawaida, anageuza maranda kwa reki, anaingiza toroli. Kazi iliyokuwa ya mwisho wa mwezi, au ya pale harufu inapowafikia majirani, inakuwa ya kila wiki kwa sababu haiumizi mgongo.

Faida hii inaonekana zaidi siku ya chanjo. Mdondo ndio ugonjwa unaomaliza kuku wa kienyeji kuliko mwingine wowote, na hauna tiba. Una kinga. Chanjo inayostahimili joto ya aina ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Huwekwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tone kwa kila kuku maana yake ni kumshika kila kuku, na wakati mzuri wa kuwashika ni usiku wakiwa wametulia kwenye vichanja. Kwenye banda la kiunoni kazi hiyo ni vurugu: watano wanatoroka, wawili wanavunjika mbawa, kumi wanaachwa kwa sababu mkono haukufika. Hao kumi ndio watakaofungua mlango wa mdondo. Kwenye banda la wima, watu wawili na tochi wanamaliza kuku 50 mapema na kwenda kulala.

Jua la Juni liko kaskazini

Vitabu vingi vya ufugaji vinashauri upande mrefu wa banda ulale mashariki hadi magharibi ili jua kali lisiwapige kuku. Ushauri huo umetungwa kwa maeneo ya joto, kama Pwani na Dodoma. Mafinga tunaweza kulaza banda vilevile, ila kwa sababu iliyo kinyume: tunataka jua liingie, wakati wa baridi.

Mji wetu uko kusini mwa ikweta, kwenye latitudo ya nyuzi 8 na kitu. Mwezi Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini mwa utosi. Desemba linapita kusini. Mtu yeyote anayeanika mahindi uani ameliona hilo kwenye vivuli. Na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kusi, upepo wa kusini-mashariki unaopanda miteremko ya Mufindi na kutuletea ukungu na manyunyu. Jua na upepo, kwa hiyo, vinatoka pande mbili tofauti, nasi tunaweza kuchukua kimoja na kukikataa kingine.

Upande mrefu wa mbele utazame kaskazini na uwe wa wavu. Ukuta wa nyuma, unaotazama kusini, pamoja na wa mashariki, uzibwe barabara kuanzia chini hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala. Juu kabisa, chini ya bati, ubaki mwanya wa sentimita 15 wenye wavu, hewa ipite juu ya kuku bila kuwagusa. Mchana wa Juni jua litaingia ndani karibu mita nzima na kukausha maranda bure. Desemba, jua likiwa limehamia kusini, upande huohuo utakuwa na kivuli.

Kuna tahadhari moja. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, na katika miezi hiyo upepo hugeuka ukatoka kaskazini. Mvua ya upepo inaweza kuingia kwa mbele. Kwa hiyo bati la mbele litokeze walau nusu mita nje ya ukuta, na wavu uwe na pazia la turubai au viroba vilivyoshonwa pamoja. Pazia hilo lifungwe upande wa chini na kukunjuliwa kutoka chini kwenda juu, ili hata likipandishwa siku ya mvua, sehemu ya juu ibaki wazi na mvuke utoke. Mapazia mengi tunayoyaona yananing'inia kutoka juu kwenda chini, yakiziba mahali pa kutokea mvuke na kuacha wazi mahali pa kuingilia upepo kwenye miguu ya kuku.

Vipimo kwa kuku 50

Kuku wakubwa wanne hadi watano wanatosha kwenye mita moja ya mraba ikiwa mchana wanatoka nje. Kwa kuku 50, banda la mita 6 kwa mita 2.1 linatosha: ni mita za mraba 12 na nusu. Upana huo mdogo una sababu mbili. Kwanza, hewa na jua vinafika hadi ukuta wa nyuma. Pili, bati la futi 10 linafunika upana wote kwa kipande kimoja, likabakisha nusu mita ya mbele na karibu sentimita 30 za nyuma bila kuunganisha. Bati tisa hivi zinamaliza paa zima.

Paa la mteremko mmoja linatosha, bila kenchi. Nguzo za mbele ziwe na urefu wa mita 2.5 juu ya ardhi na za nyuma mita 2, kila moja ikifukiwa sentimita 60. Zikisimamishwa kila baada ya mita 2, ni nguzo nne mbele na nne nyuma. Mtu mrefu anasimama hata kwenye upande wa chini bila kugonga kichwa kwenye papi. Mteremko wa nusu mita unaondoa maji upesi, na maji hayo yanamwagikia nyuma, mbali na mlango na uwanja wa kuku. Yachimbiwe mfereji au yawekewe pipa.

Sakafu iinuliwe walau sentimita 20 kutoka usawa wa uwanja kwa mawe na changarawe, kisha ishindiliwe udongo au imwagwe zege jembamba. Ardhi yetu hushika maji wakati wa masika. Banda lililo usawa wa uwanja litavuta unyevu kutoka chini hata paa likiwa jipya.

Mlango uwe na upana wa sentimita 80 na kimo cha mita 1.8 au zaidi, ukae ukuta wa magharibi, ufungukie nje ili usikwamishwe na maranda. Chini yake uwekwe ubao wa kizingiti wa sentimita 20 unaochomoka: ukiwepo unazuia maranda yasimwagike, ukichomolewa toroli linapita. Sehemu ndogo ya mwisho wa banda itengwe kwa wavu na mlango wake mdogo. Chumba hicho kitakuwa cha kuku mgeni, mgonjwa, au mama na vifaranga wake, na kitakuokoa siku utakayonunua jogoo mnadani na kulazimika kumtenga wiki mbili kabla hajachanganyika na wenyeji.

Mabanzi mazuri, maranda makavu

Banzi ni ule ubao wa kwanza wenye ganda unaotoka gogo likianza kuchanwa. Ni rahisi na lipo tele, na kwa ukuta wa banda linafaa kabisa mradi limebanduliwa ganda. Chini ya maganda ndiko utitiri na papasi wanakojificha, na ndiko mchwa wanakoanzia. Mtu mmoja mwenye panga au sururu nyepesi anabandua maganda ya mzigo mzima kwa siku moja, hasa mabanzi yakiwa bado mabichi. Yapigiliwe yamesimama, si kulala, ili maji ya mvua yateremke na yasikae kwenye viungo. Mabanzi yakikauka yanajikunja na kuacha nyufa. Kwenye ukuta wa kusini na mashariki nyufa hizo zifunikwe kwa safu ya pili ya mabanzi au kwa papi. Ukuta unaovujisha upepo kwenye usawa wa kichanja ni mbaya kuliko dirisha wazi lililo juu.

Kwa nguzo za kufukiwa, mji wetu una viwanda vinavyotia dawa nguzo za umeme na mbao za kuezekea. Nguzo hizo zinadumu ardhini. Lakini dawa inayotumika sana, ile inayoacha rangi ya kijani, ina shaba, kromu na aseniki. Maranda na vumbi la mbao zilizotiwa dawa hiyo visiingie bandani kamwe, na vipande vyake visichomwe jikoni. Unapochukua maranda karakana, uliza mbao zilizopigwa randa siku hiyo ni zipi.

Maranda yenyewe yana madaraja. Vumbi la msumeno linalotoka kwenye ding-dong huko msituni linatokana na gogo bichi: ni laini na lina maji. Likimwagwa bandani hivyo linaota ukungu, na ukungu huo ukivutwa na vifaranga unashambulia mapafu. Tena kuku hulila, na likikauka vumbi lake linawakohoza. Yanayofaa ni maranda mapana yanayotoka kwenye mashine za randa za mafundi samani, kwa sababu mbao zinazopigwa randa huwa zimekwisha kaushwa. Hata hayo yaanikwe juani siku moja kabla ya kutumika. Tandika sentimita 10 hadi 15, geuza kwa reki kila wiki, ongeza makavu pale palipolowa. Ukifinyanga konzi ya maranda ikashikana kama tonge la ugali, yamelowa mno. Ikisambaratika mkononi, yako sawa.

Mpangilio wa ndani

Kuku hulala juu, na kila mmoja anataka nafasi. Sentimita 20 kwa kila kuku zinatosha, kwa hiyo kuku 50 wanahitaji mita 10 za fito. Fito mbili za mita 5, zilizobanduliwa maganda na kulainishwa kingo, zenye unene wa sentimita 5, ziwekwe sambamba na ukuta wa nyuma: ya kwanza sentimita 30 kutoka ukutani, ya pili sentimita 40 mbele yake. Zote mbili ziwe kimo kimoja, sentimita 70 hivi. Moja ikiwa juu zaidi, kila jioni wote watagombania hiyo, na wadogo watasukumwa chini. Zisipigiliwe misumari, zikae kwenye viota vya mbao vilivyochongwa kama herufi U, ili zitolewe juani na kupakwa majivu au dawa ya utitiri.

Sehemu kubwa ya kinyesi huanguka usiku chini ya vichanja. Weka hapo ubao au bati kuukuu linalochomolewa na kukwanguliwa kila siku tatu nne. Hatua hiyo moja inapunguza amonia kuliko manukato yoyote ya dukani, na mbolea inatoka safi bila maranda.

Masanduku ya kutagia yawe moja kwa kila mitetea minne au mitano, sentimita 30 kwa 30 na kimo cha 35, kwenye kona yenye giza na chini ya kimo cha vichanja. Yakiwa juu zaidi, kuku watayalalia na kuyachafua. Paa la masanduku liwe la mteremko mkali wasitue juu yake. Maji yawekwe karibu na upande wa wavu, juu ya jukwaa dogo, usawa wa mgongo wa kuku, ili yanayomwagika yasilowanishe maranda ya katikati.

Wageni wa usiku

Wavu mwembamba wa kuku unazuia kuku kutoka, hauzuii mbwa wala kicheche kuingia. Mita moja ya chini, ndani ya wavu wa kawaida, iongezewe wavu mzito wenye matundu ya sentimita moja hivi, na ufukiwe sentimita 30 ardhini ukikunjwa kuelekea nje. Nguchiro, paka mwitu, panya na nyoka wote watakutana nao hapo. Mwewe na kunguru ni wa mchana. Dhidi yao uwanja uwe na miti au kichaka cha vifaranga kukimbilia.

Siafu ni shauri jingine. Wakivamia usiku hakuna wavu unaowazuia, na kuku aliyefungiwa analiwa akiwa hai. Kinachookoa ni mtu kuamka, kufungua mlango mpana na kuwatoa kuku wote mara moja. Kwenye banda la kutambaa, hakuna mtu atakayeingia humo na siafu.

Vifaranga ni habari tofauti

Niliyosema juu ya baridi yanamhusu kuku mkubwa. Kifaranga hana manyoya ya kumkinga, na baridi ya Mafinga inamuua kweli. Wafugaji wengi hapa wananunua vifaranga wa Sasso, aina yenye asili ya Ufaransa inayototolewa na kampuni ya Silverlands pale Ihemi, kati ya Iringa na Mafinga, au Kuroiler, aina iliyotoka India. Wote wanaletwa wakiwa na umri wa siku moja, nao wanahitaji bruda yenye nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ikipunguzwa nyuzi tatu hivi kila wiki. Kwa hali yetu ya hewa, hasa Juni na Julai, malezi hayo yanaweza kufika wiki ya sita.

Soma tabia yao badala ya kukisia. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto, wanahisi baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakijibanza upande mmoja, kuna ufa unaopitisha upepo. Anayetumia jiko la mkaa aache njia ya hewa juu ya chumba. Moshi usioonekana wa mkaa hauna harufu, na unaua vifaranga na watu vilevile.

Kuboresha banda ulilo nalo

Si kila mtu ataanza upya, wala hana haja. Banda la zamani linaweza kubadilishwa kwa hatua, na mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko wingi wa fedha. Hatua ya kwanza haina gharama: toa viroba vya upande wa kaskazini na ufungue mwanya chini ya bati. Ya pili, ziba nyufa za kusini na mashariki. Ya tatu, tandika maranda makavu na kuweka bati chini ya vichanja. Baada ya hapo ndipo ukusanye fedha za kuinua paa: nguzo ndefu zisimamishwe nje ya zile fupi, bati lipandishwe, na nafasi iliyoachwa katikati ifungwe wavu. Ukuta wa zamani wa kiunoni unabaki palepale na kuwa ukuta wa chini wa banda jipya. Mwisho kabisa mlango mpana.

Mbolea itasaidia kulipa. Maranda yaliyotoka bandani yasipelekwe shambani moja kwa moja, kwa kuwa yanapooza hunyonya naitrojeni ya udongo na kuyafanya mahindi yawe ya njano. Yarundikwe, yanyunyiziwe maji, yageuzwe, yakae miezi mitatu au minne. Yakiwa meusi na hayana harufu, yanafaa kwa mboga, viazi na mashimo ya parachichi.

Maofisa mifugo wetu wa kata wanafika nyumbani kwa chanjo na ushauri wa chakula. Ningependa waulize pia kimo cha banda, na wamwonyeshe mwenye nyumba upande wa kaskazini kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Mafundi seremala wa Mafinga, wanaotengeneza milango inayosafirishwa hadi Dar es Salaam, wanaweza kutengeneza banda bora kuliko haya tuliyozoea wakiombwa. Na wakati wa kuwaomba ni Mei, mvua zikikatika, barabara za msituni zikipitika na mbao zikianza kukauka upesi. Atakayejenga mwezi huo atakuwa amemaliza kabla ya baridi ya Juni. Fundi akiuliza kimo, asipewe kimo cha kuku. Apewe kimo cha mtu mrefu kuliko wote nyumbani.